Kibao cha Aliyeoga Kwanza

Ijumaa, 8 Novemba

Tumefika Tsuruyu kupumzika kwenye maji moto. Ndivyo anavyosema mke wangu Sumie: kupumzika. Mimi nimekuja vitani.

Tuko watano. Mimi na Sumie, dada yake Fusako, mume wa Fusako aitwaye Masanobu, yaani mwanyumba wangu, na baba mkwe, mzee wa miaka sabini na tisa mwenye goti bovu na ulimi mzima. Mwaka wa kumi na tisa huu nimemwoa binti yake na hajapata kuniita Shigeo. Nauza vigae vya bafuni, basi kwake mimi ni Bwana Vigae. Masanobu ni Masanobu. Ana miaka minane tu katika ukoo huu! Alikuja posa na keki, akaitwa jina lake siku hiyohiyo.

Chakula cha jioni: kaa, sake, kaa tena. Kikombe cha tatu kikamlegeza mzee. Akatoa picha ndogo ya marehemu mama mkwe, akaiegemeza kwenye birika, akaiwekea tone mbele yake. Akasimulia. Hapa mjini, mwanamume wa kwanza na mwanamke wa kwanza kuingia Bafu la Tengu mlango unapofunguliwa asubuhi hupewa kibao cha mti chenye tarehe. Walipokuja fungate, bibi harusi aliamka mapema akapata chake. Bwana harusi alikuwa anakoroma. Kwa miaka arobaini na sita, kila wakigombana, mama alikuwa akienda kabatini, anakileta kile kibao, anakiweka mezani, kimya. Ugomvi umekwisha. Mwezi wa tatu, hospitalini, mzee alimwahidi kuwa atakipata na chake, avilaze viwili pamoja kwenye madhabahu ya nyumbani.

Mabinti wakaruka kwa pamoja. Asubuhi yote ile? Baridi hii? Na goti hilo? Thubutu, baba! Mzee akanywea.

Nikamtazama Masanobu. Masanobu akanitazama. Tukaelewana kama paka wawili na kichwa kimoja cha samaki.

Mpango: nikipate mimi, nimkabidhi mzee kwa mikono miwili. Ataniita nini hapo kama si Shigeo? Nimemmiminia Masanobu sake mpaka masikio yamekuwa mekundu kuliko kaa. Huyo haamki kesho.


Jumamosi, 9 Novemba

Siku mbaya.

Nimechelewa kuamka. Kumjaza mtu sake kunataka umsindikize, na mimi ni mkarimu. Saa kumi na mbili u nusu! Nikavaa kimono cha pamba cha nyumba ya wageni, kilekile tunachovaa wote, nikabeba kikapu cha nyumba ya wageni, kilekile tunachobeba wote. Kwenye rafu ya viatu, jozi moja ya mitalawanda haipo. Masanobu! Sake yote ile imepotea bure!

Nikakimbia kwenye mvua. Mitalawanda haikuumbwa kwa mbio. Nilianguka darajani mara moja, kisha nikaanguka tena kwa makusudi, ili mama muuza mayai adhani ndivyo nitembeavyo.

Mlangoni pa Tengu hapakuwa na mtu. Ila kikapu. Sawa na changu, taulo sawa na langu, kimeketi mbele ya mlango kama mwenye nyumba. Ni wazi mwenyewe kaenda kujisaidia, akakiacha kimshikie nafasi. Kwetu kikapu kikiwa kwenye foleni, mtu yuko kwenye foleni, na hakuna anayekigusa. Lakini desturi hiyo ni ya watu waungwana. Masanobu ni mtu wa keki.

Nataka ieleweke: sikukitupa. Nilikiweka tu kwenye ngazi ya chini ya mfereji unaopita mbele ya bafu. Maji ndiyo yaliyokichukua.

Saa moja kamili mlango ukafunguka. Nikaingia wa kwanza. Nikapewa kibao! Chepesi, chenye harufu ya mti mbichi. Nilikuwa bado nakinusa niliposikia nyuma yangu mitalawanda ikikokotwa, mguu mmoja mmoja, kama ya mtu mwenye goti bovu.

Baba mkwe. Kalowa chapachapa. Aliwatoroka mabinti zake. Alimwuliza mama wa mlangoni, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, “Mwanangu, hujakiona kikapu changu hapo nje? Mke wangu yumo ndani yake.”

Picha! Sikungoja kuvaa mitalawanda. Nilikimbia peku kando ya mfereji, mkanda umefunguka, kimono kinapepea, nadhani muuza mayai ameona kila kitu. Nilikuwa nalia, na sioni aibu kuandika hivyo. Mama mkwe alinipenda. Yeye alikuwa akiniita Shigeo.

Kwenye daraja la pili, ndani ya maji hadi mapajani, nani? Masanobu. Ndiyo kwanza kaamka, uso umevimba kwa sake, kaona kikapu cha nyumba yetu kinapita, kaingia kukichukua. Bila hata kuwaza! Picha ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, kavu.

Mzee aliipangusa kwa kidole gumba. “Asante, Masanobu,” akasema.

Tuliporudi nyumba ya wageni nikaeleza kuwa aliyekisukuma ni korongo. Mkubwa. Nimemwona kwa macho yangu akikidonoa kikapu mpaka majini. Fusako akauliza korongo anataka taulo la nini, shemeji. Nikasema mvua ilikuwa inanyesha.

Nikampa mzee kibao kwa mikono miwili. Alikitazama muda mrefu, akakirudisha. “Chako hicho, Bwana Vigae. Mtu haogewi na mwenzake.”

Kisha akatangaza kuwa kesho anakwenda tena, na nitambeba mimi. Mabinti wakapiga kelele. Akasema goti lake ni bovu, lakini mgongo wa Vigae ni mzima, na mwisho wa maneno.


Jumapili, 10 Novemba

Saa kumi na moja alfajiri, mzee mgongoni. Mwembamba kwa macho tu! Masanobu alitangulia na taa na miavuli miwili. Tulingoja kwa muda wa saa mbili. Nilimwomba ashuke kidogo. Akasema yuko vizuri.

Shida ikaja mlango ulipofunguliwa. Nikiingia mimi nimembeba, nani kaingia kwanza? Kichwa changu hakijawahi kuniangusha. Nikageuka, nikaingia kinyumenyume, mgongo na mzee wake vikatangulia. Mama wa mlangoni alicheka mpaka akashika meza. Lakini kibao alimpa mzee.

Majini tulikuwa wawili, Masanobu alikuwa bado anajisugua. Mzee alikilaza kibao ukingoni, kando ya picha. “Tuko sare sasa, bibi,” akaiambia. “Ukikasirika utafute kitu kingine.” Akanawa uso mara nyingi kuliko inavyohitajika. Nami nikanawa wangu.

Kisha akasema, “Shigeo.”

Miaka kumi na tisa! Nikasema, “Naam, baba.” Sauti ilinitoka kama ya mtoto.

“Choo cha hapo nje kina dirisha.”

Maji yalikuwa moto kupita kiasi ghafla.

“Goti halikunyanyuka. Nikawa nimechuchumaa nakutazama tu. Korongo gani unamjua wewe?” Akanigeuzia mgongo. “Haya, sugua. Na usiruke mahali.”

Nimesugua mpaka vidole vimekunjamana.


Jumatatu, 11 Novemba

Nyumbani. Nimepiga hesabu ya maisha yangu, kama inavyompasa mtu aliyepewa funzo zito.

Funzo ni hili: kabla ya kugusa kikapu cha mtu, kagua madirisha ya choo.

Nimewaandikia watu wa Bafu la Tengu barua ya heshima, nikiwashauri watie pazia kwenye dirisha lile kabla ya Novemba ijayo. Nimeisaini Masanobu.