Midundo ya Mashairi ya Kiingereza Yatimiza Miaka Miwili Kashebere, 1954

Mheshimiwa mwakilishi wa Bwana Administrata ambaye naye hakuweza kufika, waheshimiwa machifu, waheshimiwa makatekista, waheshimiwa wake za makatekista, Papa Ndayambaje mwenye kiti hiki nilichosimama juu yake, na ninyi raia wema mliotoka Ngungu na Itebero kwa miguu: mimi, Sebahire Gustave, Direkteri wa Mradi wa Midundo ya Mashairi ya Kiingereza, ninawasalimu mara tatu. (Makofi. Mbuzi mmoja anaitikia.)

Leo ni miaka miwili kamili tangu biro yangu, yaani ofisi ya mradi, ilipoichukua klasi ya Mwalimu Symphorien kwa ajili ya kuhifadhi vitabu vya mradi huu, na ninafahamu fika kwamba tangu hapo watoto wanasomea nje, mvuani, lakini statistiki zinaonyesha kuwa mvua nayo ina mdundo, kwa hiyo wanapata masomo mawili kwa wakati mmoja. (Minong'ono. Mama Mukasine: "Papa Direkteri, mutoto yangu iko nakohola!") Akohoe kwa mpangilio, Mama, kidogo kwanza, halafu kwa nguvu! Hiyo ndiyo siri yote ya Mwingereza: mstari wake una silabi kumi, moja anaigusa tu, inayofuata anaikanyaga, hivyo hivyo mara tano, kisha anavuta pumzi na kuanza mstari mwingine, nanyi mliijua bila cheti, maana kila mlipobeba magunia ya vitabu kutoka Ngungu, mara nne sasa, kila baada ya mavuno, niliwasikia mlimani: ti-TA, ti-TA, ti-TA, ti-TA, ti-TA, pumzi! (Kicheko. Wabebaji wanagonga fimbo chini.)

Asilimia tisini na tisa ya Kashebere, kwa hesabu niliyoifanya mwenyewe kitandani, imekwisha kuelewa. Aliyebaki ni Mwalimu Symphorien, anayenidai ufunguo kila Jumatatu. (Mwalimu: "Utufungulie basi, Papa, tuone hata kitabu moja!") Subira, Mwalimu, vitabu vya Kiingereza vinaogopa unyevu!

Mdundo, juu! (Juu!) Silabi kumi, juu! (Juu!) Sebahire, juu! (Juu, anasema mke wake.)

Namalizia kwa kuwashukuru ninyi wabebaji, mliotembea kwa mwendo mmoja bila kuangusha gunia hata moja, kwani maharagwe yangu yote yamefika salama na yamekauka vizuri sana mle ndani.

(Mama Mukasine: "Maharagwe?" Mlango wa klasi unang'olewa. Watoto wanaingia, wanakaa juu ya magunia, na Mwalimu Symphorien anaanza kuita majina.)