Mianzi ya Ussumane

Jumatatu, 1 Oktoba 2012

Nimerudi kutoka Palma na kuni. Sikwenda na kuni! Nilikwenda na mianzi ya kuvulia, mipya, niliyoinyoosha mwenyewe motoni. Nikaipakia kwenye lori la Chaquir hapa Quionga. Wanaume wazima wakaikalia. Matako ya watu wa siku hizi hayana macho. Juu yake wakatupa magunia ya nazi. Palma nikashusha vipande.

Domingos, mwenye nyumba ya wageni wanakolala wazungu wa gesi, akavitazama. Akaniuliza, bibi Ancha, umeniletea mishikaki? Wafanyakazi wake wakacheka mpaka mmoja akamwaga maji. Mimi sikucheka. Domingos akasema wageni wake huvua kila Jumapili, na wanataka mianzi ya kwetu, wamechoka na kana zao, zile fimbo za kuvulia za dukani. Nilete mizima Jumamosi. Nisipoileta, kazi atampa mwingine. Nani? Akasema hata Luzia anajua kunyoosha mwanzi.

Luzia!

Luzia ni jirani yangu. Alihamia hapa kutoka bara, kwa Wamakonde. Mtu mwema, lakini anajua kila kitu, na mtu wa namna hiyo hakaliki naye.

Herufi zangu leo zimelala upande kwa hasira. Nilijifunza kuandika darasa la watu wazima. Mwalimu alihama kabla hatujafika kwenye nukta. Nukta nimejifunza peke yangu. Hii hapa.

Jumanne, 2 Oktoba

Mwanzi mbichi hauvui samaki. Unawekwa juu ya meko, moshi uuingie mpaka ugeuke rangi ya chai, wadudu wasiutoboe. Hiyo ni kazi ya miezi. Mimi nimepewa mpaka Jumamosi.

Iliyo tayari ni mitatu tu, na hiyo ni ya Ussumane. Marehemu mume wangu. Aliikata kule Nhica do Rovuma, akaiweka moshini kwa mkono wake, na haijashuka tangu afe. Watu walimwita Ussumane wa Mianzi. Kutoka hapa mpaka mtoni, ukisema jina hilo hata mbwa aligeuka. Sasa watu wanasema gesi. Asubuhi gesi, jioni gesi. Sijaiona. Wanasema iko chini ya bahari. Ussumane alivua bahari hiyo maisha yake yote, hakunasa hata harufu.

Nimekaa nikiitazama. Mlango alioutengeneza, mchwa wameula. Kiti kimekwenda na mafuriko. Mkono wake umebaki kwenye mianzi hii tu. Ikivunjika, Ussumane basi. Lakini ikikaa humu siku moja mkamwana ataifanya kuni, namjua. Ikifika Palma mizima, mzungu ataushika mwanzi mmoja, atauliza nani fundi, na Domingos atalazimika kulitaja jina. Hicho ndicho ninachokitaka. Litajwe mbele za watu.

Jioni Luzia kaja na bomba la maji, la plastiki, refu. Kaliokota kwenye takataka za kambi ya gesi. Eti dada Ancha, tumbukiza mianzi humu, shindilia makumbi ya nazi pande zote, ziba midomo kwa matambara, hata lori likipinduka itatoka salama. Eti wazungu nao hubeba hivyo hivyo. Nikamwambia mianzi ya Ussumane si maji machafu, haipiti bombani. Akasema haya, dada. Akaliacha mlangoni.

Nimeanikia kapulana zangu, nguo zangu za kujitanda. Limenyooka vizuri.

Alhamisi, 4 Oktoba

Nimepata!

Lori la Chaquir limepita leo na maiti kutoka Nhica, bwana mmoja mzee, Mungu amrehemu. Nilisimama njiani kama inavyopasa. Na macho yakaona. Watu wote wamejibana upande mmoja, wamepakatana, ili wasimguse. Hakuna gunia juu yake. Chaquir, ambaye siku zote huendesha kama kaiba lori, leo anakwepa kila shimo kama kabeba mayai. Utingo wake, yule mwenye matusi, kakaa juu ya tairi la akiba, mikono mapajani, macho chini, kama mwali.

Nikamtazama yule maiti kalala kanyooka ndani ya mkeka. Mrefu. Mwembamba. Hajakaliwa na mtu.

Nimerudi nyumbani nikitembea haraka kuliko umri wangu.

Ijumaa, 5 Oktoba

Nieleze vizuri, kwa sababu Mungu naye anasoma. Mimi sisemi uongo. Sitamwambia mtu kwamba ni maiti. Nitafunga mianzi yangu ninavyotaka, na ndoana zake, ndani ya mkeka wangu, nitatandika shuka jeupe juu kwa ajili ya vumbi. Barabara ya Palma ina vumbi, nani atabisha? Mtu akifikiri anachofikiri, hicho ni kichwa chake.

Mkeka ninao. Niliusuka mwenyewe kwa ukindu mwembamba, wa kumlaza Ussumane siku yake ikifika. Aliujua. Alikuwa akiupima kwa mwili wake, analala juu yake, anasema Ancha, ongeza ukili mmoja, miguu inatoka nje. Kisha akaugua, akapelekwa Mtwara hospitali, ng'ambo ya mto. Mvua ikamkuta huko. Ruvuma ikafurika, mitumbwi ikakataa. Maji yalipopungua ikaja habari kwamba amekwisha zikwa. Nilivuka baadaye, nikaoneshwa tuta. Aliyenionesha akasema labda hili, mama, au lile la pili. Nikasoma Fatiha katikati.

Mkeka ukabaki kwangu hauna kazi. Sasa umepata kazi. Miguu haitoki nje. Ule ukili niliuongeza.

Luzia kachungulia akaniona nikifunga. Kauliza nani kafa. Nikamwambia anayeuliza sana. Kaondoka, lakini kwanza kaliangalia bomba lake na nguo zangu juu yake.

Jumamosi, 6 Oktoba

Naandika nje ya ukuta wa msikiti, Palma, nimezungukwa na wanawake wanaonipepea. Mambo yameharibika. Nianzie mwanzo.

Lori lilikuwa zuri ajabu! Nilipotokea na mzigo wangu mweupe, wote wakavua kofia. Chaquir mwenyewe akashuka. Utingo akapanga magunia mbali, akatandika majani. Hakuna aliyeniambia nisogee. Kwa mara ya kwanza tangu barabara hii ichimbwe, nimekaa bila goti la mtu mgongoni.

Ndani ya lori alikuwamo Mwalimu Ibraimo, wa chuo cha Kurani cha Palma. Mtu wa heshima, sauti kama asali. Akaniuliza, mama, ni nani huyu? Nikafikiri juu ya ule mwanzi mrefu kuliko yote. Nikajibu, wa Ussumane. Kweli tupu! Mwanzi wa Ussumane. Kama Kiswahili kimewapa mwanzi na mtu “wa” ile ile, kosa langu liko wapi?

Akasema, mtoto wa Ussumane wa Mianzi? Innalillahi. Nikajifunika kapulana usoni. Kunyamaza si uongo.

Mama mmoja akasema marehemu alikuwa mrefu. Nikasema sana. Akasema kakonda, maskini. Nikasema alikuwa hivyo hivyo tangu mwanzo. Utingo akauliza kilichomuua. Sikujibu. Akajijibu mwenyewe kwamba siku hizi ni magari tu. Chaquir akasikia, akapunguza mwendo zaidi. Tukapitwa na baiskeli. Tukapitwa na mbuzi.

Kisha Mwalimu Ibraimo akainua mikono. Akamwombea marehemu, akamtaja na baba yake, Ussumane wa Mianzi, fundi, mtu wa watu, Mungu ampanulie kaburi lake popote lilipo. Lori zima likaitikia amina. Akaanza mmoja, kwamba Ussumane alimpa mwanzi bure alipokuwa kijana. Mwingine akasema baba yake alivua kwa mwanzi wa Ussumane mpaka mwisho. Yule mama akalia. Mimi nikalia. Nilipanga kulia kidogo, kwa ajili ya kazi. Nikashindwa kuacha. Mkono wangu ulikuwa juu ya mkeka, na mkeka ulikuwa na joto la jua.

Mtwara hakuliliwa na mtu wake. Hapa kaliliwa.

Basi ningeshuka hapo, yaishe. Lakini Chaquir ana simu! Alikwisha piga mbele. Tulipofika Palma wanaume walikuwa wamesimama njiani, mabega tayari, na kaburi limechimbwa. Wakauliza maiti anapelekwa wapi. Nikasema kwa Domingos. Wakatazamana. Muislamu azikwe kwa Domingos? Kwenye nyumba ya wageni? Nikasema Domingos anamsubiri tangu Jumatatu. Mzee mmoja akasema huzuni imempanda kichwani, mchukueni mama pembeni. Wakamnyanyua Ussumane wangu. Nikasikia mmoja anasema, jamani, mwepesi huyu! Mwingine akamwambia, watu wema huwa wepesi.

Wameingia naye msikitini. Wanawake wamenishika, mwanamke haendi kaburini. Nimepiga kelele kwamba ni mianzi. Wanasema lia, mama, lia utoe. Nimesema ina ndoana! Wananipepea zaidi.

Naona wanaume wanatawadha. Nikiendelea kuandika watafukia. Naingia, haramu au si haramu.

Jumapili, 7 Oktoba

Niliingia.

Mwalimu Ibraimo alikwisha geukia kibla. Nikasimama mlangoni, kanga begani, nikasema kwa sauti ya sokoni, Mwalimu, fungua upande wa kichwa. Wakataka kunitoa. Yeye akawazuia kwa mkono. Akafungua. Ndoana ikamnasa ukingo wa kofia.

Ndege walisikika juu ya bati.

Kisha wakanisema wote pamoja, na mimi nikawajibu wote pamoja, kwamba nani aliwaambia ni maiti, mtaje! Mwalimu Ibraimo akanyamazisha watu. Akaniambia, mama Ancha, sisi umetuchezea, hilo utaulizwa kwa Mungu. Nikainamisha kichwa, kidogo. Nikamwuliza, na ile dua ya Ussumane, mtaitoa? Akavuta ndevu. Akasema dua haina njia ya kurudi. Imekwisha kwenda kwake.

Safari hii nikainamisha kichwa mpaka chini. Mimi!

Lakini kaburi lilikuwa wazi, na kaburi lililochimbwa haliachwi tupu, litaita mtu. Kila mtu anajua. Wakatuma mgomba ukakatwe ili wauzike. Nikasema ngojeni. Nikatoa mianzi. Nikakunja mkeka, pole pole, ukili kwa ukili, nikampa Mwalimu mkononi. Nikamwambia huu ndio wenyewe, ulikuwa wa Ussumane tangu zamani, ulichelewa. Akaupokea kwa mikono miwili. Wanaume wakaenda. Mimi nikasimama nje ya ukuta wa makaburi, sikuona kitu, nikasikia mchanga ukianguka.

Utingo aliporudi akaniambia bila tusi hata moja, bibi, tumeutandika vizuri.

Na mianzi? Mizima! Haina ufa wala mkwaruzo! Nimeipeleka kwa Domingos mikononi, watu wananifuata nyuma wakicheka. Domingos akaushika ule mrefu, akautikisa, ukaimba. Akauliza nani fundi. Nikamwambia. Akasema polepole, Ussumane wa Quionga. Mbele ya wafanyakazi wake wote. Yule aliyemwaga maji Jumatatu alikuwapo.

Kisha akasema wageni wake wameitwa Mocímboa da Praia tangu jana. Watavua huko Jumapili ijayo. Mianzi ipelekwe huko. Akasema gari lake linakwenda, ataiweka katika mabomba ya wazungu, itafika salama. Nikamwambia mianzi ya Ussumane husafiri na mwenyewe. Nikairudisha nyumbani, nimeisimamisha mikononi njia nzima ndani ya lori. Hakuna aliyevua kofia. Mtu mmoja alinikanyaga kwa makusudi.

Jumatano, 10 Oktoba

Nimekaa siku hizi nikifikiri sana. Nimemwomba Mungu msamaha. Nimeelewa kosa langu lilipokuwa, na nimeliona wazi kabisa. Kosa lilikuwa maiti. Maiti ana mwisho wake, lazima watu wamfikishe. Mtu mwenye akili hachagui kitu ambacho watu wana haraka ya kukifukia.

Luzia kaja. Kasikia yote, Quionga nzima imesikia. Hakucheka, namshukuru kwa hilo. Kasema dada Ancha, bomba lipo, makumbi yapo, mimi nitakusaidia kufunga. Nikamwambia bomba lina kazi. Kweli lina kazi, nguo zimelowa.

Njia ya Mocímboa ni ndefu na mashimo yake yana majina. Mkeka sina tena, na sitasuka mwingine wa namna ile. Ninazo kapulana mbili mpya, nyekundu na njano. Nimeifunga mianzi mitatu pamoja, wima. Kichwani nimeweka nazi moja, nimeivika ushungi. Nimerudi nyuma nikatazama. Mwali! Mwali mtupu, katoka ndani leo leo, mrefu, mwenye haya. Mwali haguswi. Mwali hasemi. Hakuna anayemfunua mwali uso njiani mbele ya kungwi wake, na kungwi ni mimi, nani atanisogelea? Lori litatupa mahali pazuri. Chaquir ataendesha polepole. Na mwali hazikwi.

Luzia kamzunguka mara mbili. Kashika kiuno. Kasema, dada, yule utingo hajaoa. Je, akileta posa?

Nimemjibu asinitafutie balaa. Wa Ussumane haolewi ovyo.