Logi Imejaa, na Mkuu Asijue

Jumanne, 16 Septemba 2025

Skrini imeandika kwa herufi nyekundu: logi imejaa. Majibu ya maabara kutoka kliniki zetu za Katangi na Muthetheni hayafiki hapa hospitalini Machakos. Kila jibu huandikwa kwanza kwenye logi, daftari la ndani la mfumo, ndipo liingie foleni limfikie daktari. Logi ikijaa, foleni inasimama. Nthenya, fundi mpya niliyeletewa mwezi uliopita, akauliza kama aangalie. Nikamwambia hii inataka uzoefu. Nafasi ya mkuu wa kompyuta inatangazwa Ijumaa. Asishike hata kipanya!

Nimeongeza nafasi kwenye diski. Foleni ikatembea. Fundi ni mimi.

Jumatano, 17 Septemba

Imejaa tena kabla ya chai ya saa nne. Nthenya anasema kuongeza nafasi ni kazi bure. Kuna muamala mmoja, yaani kazi moja ya programu, uliofunguliwa na haujafungwa, na logi haiwezi kuachilia chochote kilichoandikwa tangu hapo. Nikamshukuru kwa ukali.

Alipoenda kula muthokoi, nikafuta faili za logi kwa mkono. Nafasi tele! Nikawasha mfumo. Ukakataa kuwaka. Nikajaribu tena. Nikaomba Mungu.

Daktari Kavindu wa wajawazito akapiga simu. Anangoja majibu ya damu ya Mwongeli, mama wa kutoka Muthetheni. Presha iko juu, miguu imevimba. Nikasema dakika kumi tu. Sikuwa na hata moja.

Alhamisi, 18 Septemba

Afadhali Nthenya angenigombeza jana. Ningejua la kujibu. Alirudi, akatazama skrini, akachukua simu. Akampigia Ngui wa maabara ya Muthetheni, akamwomba asome majibu yote kwa mdomo, yeye akiandika. La Mwongeli lilikuwa la nne. Aliposomewa, Daktari Kavindu alisema mara moja, "Mleteni leo. Msingoje kesho."

Amepasuliwa asubuhi. Msichana. Wote wazima.

Nilienda nikasimama mlango wa wodi. Mwongeli akauliza kama mimi ni daktari. Nikasema hapana, mimi ni wa kompyuta. Akanishukuru hata hivyo. Sikujua pa kuiweka shukrani ile.

Niliporudi, Nthenya alikuwa amerudisha mfumo kutoka nakala ya akiba na kuupata ule muamala. Ni wa programu niliyotengeneza mwenyewe, ya kumwonyesha mkuu idadi ya majibu kwa tarakimu kubwa. Niliifungua tarehe tano, nikaisahau. Akaniambia polepole, "Bwana Mwangangi, ilikuwa yako. Nimeifunga." Hakumwambia mtu mwingine.

Ijumaa, 19 Septemba

Mkuu wetu, Bi. Nzembi, akauliza mbele ya wote nani ametengeneza. Nthenya akasema, "Ni sisi."

Sisi! Neno hilo limenikaa kifuani. Nthenya ni mtu mzuri kuliko mimi, na nililijua hilo waziwazi, nikiwa nimeketi pale. Nikaamua kusema ukweli. Nikasimama. Watu wakanigeukia. Nikamshukuru Nthenya kwa kunisaidia kupiga simu.

Makofi mengi.

Ombi langu la kazi nimelipeleka. Halafu, kwa vile kiongozi lazima afikirie mbele, nimezima maonyo yote ya mfumo. Yanatia watu hofu bure. Nimekaa nikaitazama skrini dakika nzima. Sijawahi kuona mfumo mtulivu hivi.