Joto Langu na Chumba cha Baridi

Jumatatu, 9 Septemba

Joto tena! Mbele ya wenzangu wote kiwandani, mkono mmoja kwenye kopo la mtindi, mwingine kwenye kifuniko. Lilianzia kifuani, likapanda shingoni, jasho likanitiririka hadi kwenye nyusi. Dada wa kubandika lebo akaniuliza kama naumwa. Nikasema ni pilipili. Akasema hatujala kitu. Nikasema ya jana.

Najua ni nini. Miezi inapita sioni siku zangu. Naandika hapa kwa kuwa hakuna pengine pa kusema. Marehemu shangazi alituambia mwanamke akikoma hedhi ameisha, damu isiyotoka inampanda kichwani, na mume anaanza kuchungulia nje. Shangazi hakusomea udaktari, ila alikuwa na sauti kubwa. Basi, baba watoto asijue. Kazini wasijue.

Mpango: chumba cha baridi, tunamohifadhi kreti za mtindi. Ndipo mahali pekee penye raha kiwandani. Kikwazo ni Mama Funguo. Ufunguo wa chumba hicho unaning'inia kiunoni mwake utadhani alizaliwa nao.

Jumanne, 10 Septemba

Nilimwambia Mama Funguo kwa upole kwamba anaonekana amechoka, nimsaidie kupanga kreti. Akanitazama juu hadi chini, akasema hajachoka. Nikarudi baada ya chai. Akasema kreti zimeshapangwa.

Sasa huko ndani anafanya nini? Anaingia, anajifungia, anatoka uso umetulia kama katoka kuoga. Mimi nachemka, yeye anastarehe. Roho iliniuma kweli.

Nikajaribu kupata ubaridi wa chini ya mlango. Magoti sakafuni, shavu kwenye upenyo. Meneja akapita. Nikasema natafuta hereni yangu. Akapiga magoti na yeye, mtu mzima na tai yake, akatafuta kila pembe. Mimi sivai hereni.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimefanya jambo. Nilikwenda kwa meneja nikamwambia mimi si mmbea, lakini Mama Funguo anakula mtindi wa kiwanda huko ndani. Sijawahi kumwona akila. Nilianza kwa kutia chumvi kidogo, nikajikuta nimemwaga pakiti nzima. Nilipiga hesabu kwamba atanyang'anywa ufunguo, nipewe mimi mwaminifu. Meneja akasema atalishughulikia kesho.

Chakula cha mchana kilinishinda. Si majuto. Ugali tu ulikuwa mgumu.

Ijumaa, 13 Septemba

Aibu. Sijui hata nianzie wapi.

Meneja alitukusanya kando ya sufuria kubwa ya kuchemshia maziwa. Akamuuliza Mama Funguo, mbele ya wote, anafanya nini chumba cha baridi muda wote ule. Nilitegemea atalia au atakuja juu. Alikunja mikono tu.

"Nimekoma hedhi, meneja," akasema. "Mwili unawaka, naingia kupoa. Kama kuna kopo lililopungua, nilipe mimi."

Meneja akaangalia viatu vyake. Hakuna kopo lililopungua. Mama Funguo akaendelea taratibu, kwamba alikwenda kliniki na nesi akamweleza: si ugonjwa, si laana, damu haipandi popote. Joto hilo kwa wengi hupungua lenyewe, na likizidi dawa zipo. Alikaa na hofu muda mrefu kwa sababu hakuna aliyemwambia, na hapendi mwingine akae hivyo. Akauliza nani mwenzake.

Mpishi wa maziwa akainua mkono. Mfagiaji naye. Dada wa lebo, niliyemdhani binti mdogo, akasema kwake ndiyo kwanza yanaanza. Wakacheka kama watu waliotua mzigo. Kisha wote wakanigeukia. Jasho lilikuwa linadondoka kidevuni mwangu hadi sakafuni.

"Mimi bado," nikasema. "Mimi kila mwezi, bila kukosa."

Hakuna aliyekuwa ameniuliza habari za kila mwezi. Mama Funguo akachukua leso yake akanifuta uso. Mwanamke niliyemsingizia wizi! Labda hajui ni mimi. Labda anajua. Uso ulinishuka shuu. Nilifungua mdomo niseme ukweli, nikakohoa.

Meneja, maskini, akaamua wanaopata joto waingie chumba cha baridi wakati wowote. Ufunguo utatundikwa ukutani. Wote wanne wameruhusiwa. Mimi, nisiye na joto, sina ruhusa.

Jumamosi, 14 Septemba

Baba watoto aliweka kikombe chake mezani, akasema ameniona ninavyohangaika na hilo joto.

"Mama yangu alipita hapo hapo," akasema. "Siendi popote mimi. Twende kliniki, nitakusindikiza."

Nilitamani kumlalia begani nilie. Nikamwambia ni malaria. Akainuka kuchukua koti, twende tukapime damu. Nikasema imeshapona. Akakaa, akanywa chai yake. Niliona haya hata kumwangalia.

Jumatatu, 16 Septemba

Leo niliamka nimeamua. Nitasema. Niliyarudia maneno njia nzima hadi mlinzi akaniuliza naongea na nani.

Walikuwa chumba cha baridi wote wanne, wamekalia kreti, wanacheka. Joto likanishika palepale mlangoni. Mama Funguo akanishika mkono. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama kuna jambo nataka kuwaambia. Ndiyo, lipo. Uso wake ulikuwa mwema kiasi kwamba nilijiona takataka.

"Nina mimba," nikasema.

Sijui ilitoka wapi. Nina miaka hamsini na mbili! Wakasimama wote. Kisha Mama Funguo akanikumbatia, machozi yakamlengalenga, akanitoa nje haraka kabla sijapata kichomi. Meneja akatangaza mjamzito asikanyage chumba cha baridi. Nimepewa kiti na kazi nyepesi: kuangalia maziwa yasifurike. Nimekaa kando ya ile sufuria mpaka jioni, moto chini, mvuke usoni. Dada wa lebo ameniletea sweta.

Aibu inanila mzima mzima. Watu wema kama hawa, na mimi nawadanganya. Imetosha. Kesho nitafanya jambo la maana. Nitatafuta mto mdogo, wa kufunga tumboni miezi ya mwanzo.