Nguzo Ndiyo Ivalishwe Helmeti

Kwa Ndugu Meneja wa Kiwanda cha Mikate,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi, mama mzazi wa yule binti anayekusambazia mikate kwa baiskeli, ambaye wateja wako wanamwita Kengele kwa sababu hakuna kona anayoipita kimya. Natumaini wewe ni mzima, mkeo naye ni mzima, na tanuri linawaka vizuri. Sisi huku hatujambo. Baba yake Kengele hajambo, ni mgongo tu unaomsumbua akiinama, lakini ukimwuliza atakwambia hana tatizo. Mama mkwe wangu hajambo, yuko dirishani kwake, na ameniagiza nikusalimie kisha nikwambie mkate wa juzi ulikuwa mgumu pembeni, ila hilo silo lililonifanya niandike. Dada yake Kengele, yule msusi, hajambo na anakusalimu. Mtoto wake hajambo, ameota jino la pili, sasa anauma kila kitu hadi miguu ya meza. Kengele mwenyewe unamwona kila siku, kwa hiyo habari zake unazo, ila ziko nyingine huzioni, na ndizo zilizonifanya nisogeze cherehani pembeni nikakaa hapa.

Mwandiko utanisamehe. Shule niliiacha mapema, na kazi yangu ni kushona mito na matakia, si barua. Yule msusi alitaka kunisaidia, nikakataa, maana ana haraka, angeandika mistari miwili akasema inatosha. Jambo lenyewe haliingii kwenye mistari miwili.

Ndugu Meneja, nalalamika juu ya helmeti. Uliagiza kwamba kila anayesambaza mikate kwa baiskeli avae helmeti, na asiyeivaa asiguse baiskeli. Juzi Kengele alikuja kazini kichwa kitupu, ukaichukua baiskeli na ukamrudisha nyumbani kwa miguu. Jana ulimrudishia pamoja na onyo, kwamba akija hivyo tena baiskeli anapewa mwingine, naye atakaa ndani kufunga mikate kwenye mifuko. Siku ile uliyomrudisha alikaa kitandani na viatu vyake mpaka jioni. Yule mtoto anaipenda ile baiskeli kuliko anavyonipenda mimi, wala sina kinyongo. Basi nakuomba kwa heshima zote ulifute agizo lako. Sababu zangu nimezipanga kwa namba, kwa kuwa nasikia ofisini ndivyo mnavyopenda.

1. Kichwa chenyewe. Hicho kichwa nakijua mimi. Nilikibeba kikiwa bado laini pale utosini, pakidunda chini ya kidole, na kila nilipopita nacho mlangoni nilikikinga kwa kiganja. Kimekua hadi kufika hapo kilipo kwa kiganja hiki hiki. Nimekuletea kikiwa kizima, hakina hata kovu, nawe ukakivika kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya kuanguka. Mtu akikuletea machela nyumbani, lazima utamwuliza mgonjwa ni nani. Nami niliposhika ile helmeti nilijiuliza hivyo hivyo, ni nani anaanguka? Kama kuna jambo unalijua hujatwambia, sema.

2. Ujasiri. Zamani Kengele akifika pale mteremkoni kwenye kinu cha unga alikuwa anashuka. Anaikokota baiskeli na kreti lake nyuma, taratibu, kama anapeleka mgonjwa. Sasa muuza mkaa wa pale chini ananiambia hashuki tena. Anateremka amekaa, breki hazigusi, mikate inaruka ndani ya kreti kama kuku. Nilipomwuliza akanijibu, "Mama, si nina helmeti?" Umeona mwenyewe. Helmeti ndiyo inayoendesha, yeye amepakiwa tu. Tena nikisimama mlangoni nikamwita, "Pole pole, mwanangu," ananiambia jioni kwamba hakusikia kwa sababu ya helmeti. Nimeivaa mwenyewe nikajitazama kwenye kioo. Masikio yako nje yote mawili.

3. Hili la tatu limenitoka. Lilikuwa kubwa kuliko yote. Likirudi nitaliandika.

4. Nywele. Dada yake alimsuka siku nzima, mikono ikamfa ganzi, akamsimamishia nywele juu kama taji. Helmeti ikakaa juu ya hilo taji asubuhi moja tu, likawa bapa kama mkate uliokaliwa. Dada mtu alilia kidogo, hakutaka tumwone. Basi ingeishia hapo nisingesema kitu. Lakini wanawake walimwona Kengele akipita wakadhani ni mtindo mpya, na sasa wanakuja saluni wanataka wasukwe "mkate". Binti yangu anasema hakujifunza kazi ya kuharibu. Kwa hiyo anawasuka vizuri kabisa, kisha anawakalisha kwenye benchi kila mmoja na sufuria kichwani, ndani yake kuna jiwe, mpaka zilale. Ukipita pale utafikiri ni foleni ya watu wanaosubiri kugawiwa uji. Sufuria ni zangu.

5. Baba yake. Na hapa ndipo penye habari ya juzi, naomba uisome bila kucheka. Mume wangu alikuwa mwashi. Maisha yake yote ya kazi alivaa kofia ngumu, na maisha yake yote ya kazi hakuna kilichomwangukia, hata kokoto. Siku aliyostaafu akairudisha kofia kwa mkandarasi, akaja nyumbani, akaingia jikoni kutafuta chumvi, na sufuria kubwa ikamshukia kutoka rafuni. Alishonwa hapa juu ya sikio. Tangu siku hiyo anashikilia kwamba ile sufuria ilikuwa inamvizia miaka yote, inangoja tu avue.

Sasa Kengele alipoleta helmeti yako hapa nyumbani, mzee aliitazama kama mtu aliyemwona rafiki wa ujanani. Haingii tena jikoni bila kuivaa. Nimemwambia sufuria zimekwenda saluni, rafu iko tupu, akanijibu, "Hata wewe unaamini rafu?" Basi juzi asubuhi Kengele aliitafuta helmeti chini ya kitanda, nyuma ya mlango, juu ya kabati. Akamwita baba yake amsaidie kutafuta. Baba yake yuko jikoni anachemsha chai, ameifunga mpaka kidevuni, na yeye pia hasikii. Mtoto akaona anachelewa, akakimbilia kazini kichwa kitupu. Alipokueleza ukweli ukamwuliza mbele ya wenzake wote kama jikoni kwetu kunapita malori. Malori hayapiti, Ndugu Meneja. Lakini nawe hukuuliza kama kunashuka sufuria.

Hebu fikiri pamoja nami. Kama hatari inamngoja mtu avue, basi aliyevaa mara moja hana ruhusa ya kuvua tena. Kengele atakula nayo. Ataoga nayo. Ataolewa nayo, na mume atakayempata itabidi amtambue kwa kidevu. Je, agizo lako lilifikiria hayo, au liliishia getini?

6. Sehemu zilizobaki. Helmeti inafunika juu, basi. Viwiko je? Magoti? Meno? Yale meno aliyaota kwa homa, nililala nimeketi. Mimi si mtu wa kulalamika bila kujaribu, kwa hiyo nilichukua ile sponji nene ya matakia ya ofisini nikamshonea vazi zima, kuanzia shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu, na zipu nyuma. Alilivaa ili kuniridhisha tu. Mlangoni hakupita. Tulipomsukuma mimi na baba yake akapita kwa kishindo, lakini magoti yakagoma kukunjika, ikabidi tumpandishe kwenye baiskeli kama gunia, naye akaangukia upande wa pili. Mama mkwe wangu aliona yote dirishani, akasema hajawahi kuona godoro lenye haya. Ila zingatia jambo hili, Ndugu Meneja. Hakuumia hata kidogo. Alisema tu kwamba kama ni hivyo, bora akafunge mikate.

7. Nilipokuwa namvua lile vazi ndipo nilipopata akili. Hivi nani anamgonga nani? Kichwa cha mwanangu hakijawahi kumfuata mtu. Kilicho kigumu ni ile nguzo ya umeme ya pale kona. Kigumu ni ukuta wa kinu. Ni gumu pia lori lako la unga. Sasa kwa nini kilicho laini ndicho kivalishwe, na vigumu viachwe vichwa wazi? Kama jirani yako ana mbwa mkali, utamfunga mdomo mbwa au utawafunga mdomo wapita njia?

Nikalichukua lile vazi nikaenda nikaivalisha nguzo, nikalishona palepale kwa sindano ya magunia. Ilipendeza. Watu walikuja kuiegemea. Mtu wa mkokoteni alisinzia pale mchana wote, na alipoamka akaniuliza kama natengeneza nyingine. Akapita mtu wa umeme, akasimama, akaniuliza nguzo inaumwa nini. Nikamwambia haiumwi, inazuiwa isiumize. Akaipapasa mara mbili, akaenda zake. Mimi nilichukulia kwamba amekubali.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Kiwanda kitoe sponji na kitambaa, nami kazi nitafanya bure. Tuvalishe nguzo zote za njia ya mikate, tuvalishe ukuta wa kinu, lori lako la unga lishonewe mto mbele kwenye taa, na yale mawe ya mteremkoni kila moja lipate foronya yake. Lami yenyewe nimeiwazia pia. Itakula kitambaa kingi, lakini ni mshono ulionyooka.

Lile la tatu limerudi.

Ni ule mkanda wa kidevuni. Asubuhi Kengele akiufunga unalia, tak. Kabla ya helmeti alikuwa anatoka tu, kama mtu anavyotoka. Anachukua funguo, anauma kipande cha mkate, ameshaenda, nami nabaki nashona. Sasa kila asubuhi nausikia huo mlio, na ndipo ninapokumbuka kwamba anaweza asirudi. Sindano inanitoka mkononi. Nashona foronya, nakuta nimeziba mdomo wake, mto hauingii. Kutwa nzima nasikiliza. Jioni akifika kona anapiga kengele yake, na hapo ndipo mguu wangu unatulia kwenye cherehani. Juzi alipokimbia bila helmeti sikusikia tak, nikashona kwa raha, hata nikaimba, mpaka nilipomwona amerudi kwa miguu. Hiyo ndiyo dhuluma kubwa ninayoishtakia hapa. Zamani barabara ilikuwa barabara. Ninyi mmemvika kofia mtoto, mkanivua mimi.

Ni hayo, Ndugu Meneja. Najua una kazi nyingi na huenda wewe pia una mama. Nisalimie mkeo, nisalimie wanaokanda unga na wanaochoma, nisalimie yule mlinzi wa getini anayemfungulia mwanangu kabla hajagonga, na yule wa lori la unga mwambie sina ubaya naye, nataka tu vipimo vya taa zake. Nyumba nzima inakusalimu tena, mmoja mmoja kama nilivyowataja, pamoja na lile jino.

Ni mimi nikuheshimuye, ninayengoja jibu lako mlangoni,

Mama yake Kengele, mshona mito.

Nyongeza: Barua nilitaka kuileta mwenyewe kwa miguu, lakini zamu ya Kengele inaanza sasa hivi na amesema ataileta yeye. Amesimama hapa mlangoni na baiskeli, ananiambia, "Mama, maliza, mikate itapoa." Helmeti nimeifuata mwenyewe jikoni. Mzee aliitoa bila ugomvi, yuko nje sasa, hataki kuingia, chai yake inachemka peke yake. Nimemvalisha binti kwa mkono wangu na mkanda nimeukaza mpaka kidole kimoja tu kinapita. Ndani nimeshonea kamto kembamba, ili ikae vizuri na nywele zisilale. Mteremkoni ameapa atashuka, lakini aliapa akitabasamu.

Kwa hiyo akifika kwako bila helmeti kichwani, usiipokee barua hii. Mzuie hapo hapo na baiskeli yake, nitakuja mimi. Na kama mnayo nyingine, hata iliyopasuka, mpe anayekuja huku, mzee apate chai.

Hayo mengine yote niliyoyaandika unijibu ukipata nafasi, hata mwaka kesho. Moja tu nijibu leo, mapema, kwa mtu yeyote utakayemwona anakuja upande wetu. Mwambie aniambie kwamba mwanangu amefika.