Mpangaji Aliyekataliwa na Nyumba Tatu

Habari iliyowasha benchi la wanywa chai siku ile ilitoka kwenye redio ya Makasi, kinyozi: hospitali zote zihamishie kumbukumbu za wagonjwa kwenye wingu kabla mwaka haujaisha. Makasi akazima mashine ya kunyolea ili asikie vizuri, mteja wake akabaki na nusu kichwa.

Macho yote yakamgeukia Injinia. Jina hilo hakulipata chuoni. Chuo hakukijua hata geti lake. Alipewa na benchi hilohilo, siku alipoifufua redio kwa kisu cha mezani. Sasa ndiye aliyeshika kompyuta za hospitali ya jirani, na wiki nzima alikuwa akihangaika na hilo wingu.

"Sisi tumeshapaa," akauliza Makasi, "au bado tunatembea kwa miguu?"

Injinia akapuliza chai yake. Utani wa mvua ulikuwa umemchosha tangu Jumatatu, hivyo akaeleza kabla hawajauanza. Wingu lao ni kompyuta kubwa tatu chumbani, zimeunganishwa zifanye kazi kama moja. Ndani yake unaweka mashine pepe, yaani kompyuta isiyoshikika, iliyoumbwa kwa programu tu; inakaa humo kama mpangaji kwenye nyumba. Yake aliiumba mezani kwake, ikapendeza kama bibi harusi. Ila kila akiipeleka kwenye zile tatu, zinaikataa.

"Zote tatu?" akauliza Mama Pindo, fundi cherehani wa mlango wa pili, bila kuinua macho kwenye kitambaa.

"Zote tatu. Siku tano sasa."

"Mwanangu, mtu akiachwa na waume watatu wiki moja, tunaacha kuwasema waume."

Benchi likacheka, na Injinia pia. Asiyecheka alikuwa Breki, dereva mstaafu, aliyekuwa akizungusha kikombe kitupu. Akasema polepole kwamba shemeji yake, yule mtunza stoo wa hospitali, hajala tangu jana. Ameitwa kikaoni saa kumi. Inasemekana zile kompyuta tatu ziliharibika kwa unyevu wa stoo kabla hazijafungwa chumbani, na aliyesema ni fundi.

Hakutaja fundi gani. Hakukuwa na haja.

Injinia akaweka kikombe chini. Ni kweli, juzi alimwambia mganga mkuu maneno hayo, tena kwa sauti ya mtu aliyepima. Hakuwa amepima kitu. Alikuwa amechoka tu, na stoo kweli ina unyevu, na mtunza stoo hakuwepo ajibu.

"Hizo mashine zilipokataa, zilisema nini?" akauliza Mama Pindo.

Injinia akatoa simu. Alikuwa amekipiga picha kioo cha kompyuta. "Mashine hii haipatani na mwenyeji wake," akasoma, akataka kuirudisha mfukoni.

"Ndiyo mwisho?"

Akaitazama tena. Chini kulikuwa na mistari mingine mitatu, kwa maandishi madogo. Katika miaka tisa ya kujifundisha mwenyewe alijifunza mengi, isipokuwa kusoma mpaka chini. Ujumbe ukitokea, alibonyeza Sawa kama mtu anayefukuza nzi.

Akasoma. Mashine pepe ilikuwa ya toleo la ishirini na moja. Wenyeji wote watatu, yaani zile kompyuta kubwa, waliishia kuelewa la kumi na tano. Akakumbuka siku ile mezani, kompyuta ilipomuuliza aiumbe kwa toleo gani. Alichagua jipya kuliko yote. Nani ataulizwa achague, akachagua la zamani?

"Tutafsirie," akasema Makasi.

"Nimemlea mpangaji asiyelala pasipo lifti," akasema Injinia, "nikampeleka kwenye nyumba zisizo na ghorofa. Zilipomkataa, nikamshtaki mwenye funguo."

Akafungua kompyuta yake magotini, akaingia kwenye zile za hospitali kupitia simu, akaumba mashine pepe upya kwa toleo la kumi na tano. Makasi akatumia muda huo kummaliza mteja. Nyumba ya kwanza ikampokea mpangaji. Ya pili nayo. Ya tatu haikuguna hata kidogo.

"Basi yameisha," akasema Makasi. "Mwambie mkubwa wako mtandao ulikuwa unasumbua. Kila ofisi husema hivyo, na mtandao haujawahi kubisha."

Ulikuwa ushauri mzuri, na Injinia aliuonja kabisa. Breki hakumtazama, aliendelea kuchungulia kikombe chake. Injinia akapiga simu.

"Daktari, mashine ni nzima. Stoo haina kosa. Kosa ni langu, sikusoma ujumbe mpaka mwisho." Akasikiliza. "Ndiyo, Daktari. Siku zote tano." Akasikiliza tena, safari hii kwa muda mrefu, akashukuru, akaiweka simu gotini.

"Amefuta kikao?" akauliza Breki.

"Hapana. Barua ilishachapwa. Anasema watabadilisha jina tu."

Kisha Breki akaanza kucheka chinichini, cheko la mtu aliyetua mzigo, na Injinia akashindwa kujizuia. Breki akampiga bega, akaondoka kwenda kumwambia shemeji yake ale.

Mama Pindo akanyoosha mkono. "Vua hilo shati. Kifungo cha pili hakipo, na kikaoni watakodolea macho hapo tu."

Akalivua, akabaki na fulana mbele ya barabara nzima. Makasi akapangusa kiti na kumwita.

"Njoo nikuchonge. Mtu akifukuzwa kazi huku amenyolewa vizuri, watu hudhani ameacha mwenyewe."