Ratiba Yangu ya Kusikiliza Askari

Jumatatu, 10 Februari
Habari njema! Kanali Zarratea anakuja Ijumaa kutupima, mimi na Luteni Brítez. Yule ambaye askari wake wanaongea naye bila woga atahamishiwa makao makuu, Asunción. Mwingine atabaki huku Chaco na mbu. Brítez huongea na vijana wake Kiguarani, kama wako sokoni. Mimi natumia Kihispania, lugha ya amri. Kwenye gwaride nimetangaza kuwa kuanzia leo kila mtu aseme ya moyoni. Asiyesema ataosha vyoo.

Jumanne, 11 Februari
Hakuna aliyesema. Vyoo vinang'aa. Nimegundua tatizo: hawana ratiba. Nimebandika moja mlangoni. Hadi Ijumaa mchana nasema mimi. Ijumaa saa kumi jioni wanasema wao.

Jumatano, 12 Februari
Nimejiunga na askari kwenye tereré, chai yetu ya majani na maji baridi. Brítez hukaa na wake kila siku, anawamiminia maji baridi kwa mkono wake, kikombe kimoja na mrija mmoja kwa wote. Kwetu, anayerudisha kikombe na kusema asante ametosheka, humpi tena. Nikammiminia wa kwanza. Akanyonya, akasema asante. Wa pili, asante. Duara zima, asante! Nikabaki na jagi langu. Ng'ambo ya uwanja kina Brítez wanacheka mpaka wanashikana mabega. Niliumia, sifichi. Nimepiga marufuku neno asante mpaka Jumamosi.

Alhamisi, 13 Februari
Siri ya Brítez nimeijua: majani ya dawa anayoponda kwenye maji. Nimechuma yangu mwenyewe nyuma ya zizi la farasi, kwa unyenyekevu. Sajini Cañete akanifuata mbio, akaanza, "Afande, kuhusu hayo majani..." Nikamwonyesha ratiba. Akapiga saluti, akajaribu tena. Nikampa vyoo. Mpishi naye akaja na neno. Vyoo. Hatimaye wanaanza kufunguka.

Ijumaa, 14 Februari
Kanali alifika na kiu ya barabarani. Saa tisa na nusu tukaketi. Akanywa, akasifu uchungu wake, akaomba tena na tena. Askari wakatazama viatu vyao. Kikombe hakijamfikia mtu mwingine, Kanali akanyanyuka ghafla na kushika njia ya vyooni. Akarudi. Akaenda tena. Mwishowe, akiwa ameegemea mlango wa choo, akamuuliza Cañete yale majani ni ya nini.

"Ya kuharisha farasi, Afande. Akivimbiwa."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Zamu yangu ya kusema ni saa kumi, Afande. Bado dakika tano."

Kisha Kanali akaongea nami kwa uwazi ambao sijawahi kuuona kwa mkubwa yeyote. Kwa Kiguarani.

Jumapili, 16 Februari
Brítez kaenda Asunción. Mimi nimepelekwa kituo cha mpakani chenye askari mmoja, Ovelar, ambaye ndiye dereva wangu sasa hivi. Naandika tukiwa njiani. Askari mmoja, mawasiliano rahisi! Ratiba yake iko tayari. Kwenye njia panda alitaka kusema jambo, nikamwambia zamu yake ni tukifika. Ametii vizuri sana. Sasa tunapita duka la tatu la rangi ya samawati, lenye mbuzi mweusi mlangoni. Huku maduka yanafanana mno, hata mbuzi.